Pono Wawili wa Mama Mdogo

Mama mdogo wangu analisha samaki kwenye jengo la maonyesho ya viumbe wa baharini, na asije mtu akaniambia hiyo si kazi. Lake ni lile tangi kubwa karibu na mlango, lenye miamba ya matumbawe, na humo wanakaa pono. Dume alikuwa mmoja, kijani na buluu, kama kapakwa rangi na mtoto. Majike walikuwa watatu, wekundu wa kufifia. Meno yao yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, na kutwa wanakwangua mwani juu ya matumbawe, kwaru, kwaru, wakimeza na jiwe lenyewe. Kinachotoka nyuma ni mchanga mweupe, safi kabisa. "Wageni wanausifu mchanga wetu," husema mama mdogo. "Mimi nawashukuru tu."

Mumewe alifariki mwanzoni mwa mwaka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja mazikoni na begi moja, akamwacha mkewe na watoto huko kwake, akabaki. Eti anamlinda mama mdogo na binti zake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ungempa jembe angelilalia. Mtu akilala hivyo tunasema kalala usingizi wa pono, na katika ukoo mzima mama mdogo ndiye pekee mwenye uwezo wa kulinganisha. Pono akilala hutoa ute, ukamfunika mwili mzima kama mfuko. Asubuhi mama mdogo alimwacha shemeji sebuleni ndani ya chandarua, akafika kazini akamkuta pono ndani ya ute.

"Tofauti ipo," aliniambia. "Yule wa kazini akiamka anafanya kazi."

Muda si mrefu baada ya msiba, yule dume wa tangini naye akafa. Uzee tu. Wiki zikapita, jike mkubwa akaanza kutoka mabaka ya kijani. Mama mdogo akaingiwa na hofu, akamwita daktari wa samaki.

"Daktari, huyu anaoza."

"Haozi, mama. Anakuwa dume."

"Acha utani."

"Pono wengi ndivyo walivyo. Dume akiondoka, jike mkubwa anashika nafasi. Rangi, tabia, kila kitu. Siku moja atakuwa baba."

"Haya," akasema mama mdogo, akaendelea kufuta kioo.

Nyumbani, shemeji mtu akaitisha kikao cha familia. Alitaka atambuliwe kuwa mkuu wa nyumba, awalete mkewe na watoto, na mama mdogo ahamie chumba cha uani na binti zake. Nyumba ambayo mama mdogo na mumewe waliijenga tofali kwa tofali! Mimi nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Yeye alikula, akaosha vyombo.

Jumapili watu wakajaa sebuleni. Mama mkwe wake, mwanamke wa maneno machache, akakaa kwenye kochi. Shemeji akakohoa.

"Nyumba haikai bila dume," akasema. Wazee wa upande wao wakatikisa vichwa kukubali.

Mama mdogo akaulizwa ana lipi. Akasimulia habari za pono, taratibu, kama anavyowaeleza wageni wa kazini, hata habari za ute hakuziacha. Watu wakacheka. Shemeji akacheka kuliko wote. Mama mkwe hakucheka.

"Na wale majike wengine," akauliza, "walimkubali?"

"Hawakuulizwa, mama."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila mikono aliikalia. Jamani, roho iliniuma.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Wewe uko hapa tangu mazishi?"

"Ndiyo, mama. Nawalinda."

"Na kwako nani analinda?"

"Mke wangu yupo."

"Basi rudi upesi, kabla hajabadilika rangi."

Safari hii shemeji hakucheka. Wazee wakakumbuka kwamba wana shughuli, wakaaga mmoja mmoja.

Aliondoka Jumatatu. Mama mdogo aliomba ruhusa kazini, akamsindikiza mpaka kituoni, begi kalibeba mwenyewe, na hakugeuka kurudi mpaka basi lilipoondoka na shemeji akiwa ndani.