Magogo Yaliyotoka Shimoni

Nilikuwa mwalimu wa chakula katika shule moja ya msingi upande wa Kharumwa, kwenye machimbo ya dhahabu, na kila Jumatatu asubuhi nilisimama langoni kupokea kuni. Kila mwanafunzi wa darasa la nne na kuendelea alitakiwa kuja na gogo moja kwa wiki, la kupikia uji na makande. Aliyekuja mikono mitupu nilimrudisha nyumbani. Ndivyo nilivyoyakuta na ndivyo nilivyoyaendeleza.

Nilipohamia pale, ukisimama mlangoni pa ofisi ulikuwa unaona vichaka. Baada ya miaka michache wachoma mkaa na wachimbaji walivimaliza, na watoto wakaanza kuleta mabua ya pamba, vijiti, hata mguu wa kitanda. Jiko letu lilipakana na darasa la tatu. Upepo ukigeuka, moshi uliingia madirishani na watoto walisoma huku wakifuta macho. Mpishi wetu, mama wa makamo aliyekuwapo shuleni kabla yangu, alikohoa kutwa, nasi tulikizoea kikohozi chake kama tulivyoizoea kengele.

Mwaka mmoja waraka ulikuja kutoka wilayani. Taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, zitumie nishati safi, ili nchi ipunguze hewa ya ukaa na watu wapate hewa safi. Mwalimu mkuu alitusomea kikaoni.

"Hewa ya ukaa si mambo ya viwanda vya Ulaya?" mwenzetu mmoja akauliza.

Tulicheka, mimi nikiwemo. Waraka ukaingia kwenye faili.

Jumatatu moja binti wa darasa la tano alifika na gogo nene, limenyooka, kavu kabisa, amelibeba kichwani juu ya kata ya kanga. Nilimsifu mbele ya wenzake. Nikawaambia hivi ndivyo kuni zinavyotakiwa kuwa. Wiki iliyofuata watoto wanne walileta magogo ya namna ile. Iliyofuata, tisa.

Siku mbili baadaye mzazi mmoja, mchimbaji mdogo, alikuja kumwombea mwanawe ruhusa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha tulipopita karibu na jiko akasimama. Aliinama akapitisha kidole kwenye mkato uliochongwa mwishoni mwa gogo.

"Mwalimu, kuni hizi mmezitoa wapi?"

"Wanaleta watoto."

"Hizi si kuni. Haya ni matimba. Ndiyo tunayoyapanga ndani ya duara, shimoni tunamochimba, ili kuta zisitufukie. Mkato huu nimeuchonga mimi, kwa shoka langu."

Nikamuuliza kama watoto walikuwa wameyaiba kambini kwa wachimbaji.

"Kambi hatuna tena. Duara lile tuliliacha tangu masika, maji yalituzidi." Alininyanyulia macho. "Matimba yote yako chini, mwalimu. Juu hatukuacha hata moja."

Nilimwita yule binti. Alikuja akitabasamu, nadhani alitegemea sifa nyingine.

"Magogo haya mnayatoaje?"

"Tunafunga kamba, mwalimu. Mmoja anashuka, wengine tunamshikilia. Ukiligonga kwa jiwe linalegea, basi tunalivuta."

"Anashuka nani?"

"Mimi. Mimi ndiye mwepesi."

Nilikaa chini pale pale, kwenye majivu.

Mchana ule tulikwenda machimboni, mzazi yule, mwalimu mkuu na mimi. Mchimbaji alilala kifudifudi mdomoni mwa duara akamulika tochi. Upande mmoja matimba yalikuwa bado yamepangana. Upande wa pili udongo ulikuwa uchi, umetuna kwa mbele, ukidondosha kokoto majini. Tulizisikia zikifika. 

Ijumaa mvua ilinyesha, na duara likajifukia lenyewe. Watoto walikuwa na kawaida ya kwenda huko Jumamosi.

Mwalimu mkuu aliutoa ule waraka kwenye faili akaitisha mkutano wa wazazi. Niliomba nizungumze mimi. Nilieleza yote, pamoja na sifa nilizozitoa langoni. Mama wa yule binti akasimama.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anashuka shimoni ili wewe usimrudishe nyumbani?"

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea matusi. Alijifunga kanga yake vizuri, akakaa.

Kuni zikakoma siku ile. Kwa wiki nyingi watoto walisoma bila uji, wengine wakisinzia kabla ya saa nne, mpaka wilaya ilipoleta mitungi ya gesi na majiko makubwa mawili. Mpishi aliyaogopa mwanzoni, akiwasha kwa kijiti kirefu huku amegeuza uso. Kikohozi chake kimepungua, hakijaisha. Darasa la tatu sasa wanafungua madirisha.

Afisa aliyekuja kukagua alituambia kwamba nchi inapunguza hewa chafu kwa shule kama yetu, jiko moja baada ya jingine. Aliuliza kama tuna swali. Nilitaka kumwuliza kwa nini mimi nilihitaji kwanza kuliona lile shimo, lakini swali hilo halikumhusu yeye.

Jumatatu ya kwanza baada ya mkutano, binti yule alinikuta langoni.

"Mwalimu, sasa tuwe tunakuja na nini?"

"Njooni tu," nikamwambia.

Alisimama kidogo, kama anayengoja niongeze jambo, kisha akaenda mstarini.