Ufa Nyuma ya Jiko la Nakhungu

Mama yangu, Nakhungu, ameishi kwenye mteremko juu ya Kapsokwony tangu alipoolewa. Hapo alitulea, hapo alimzika baba, hapo analima mahindi na vitunguu na kugombana na tumbili. Si mtu wa kutishwa ovyo. Kwa hivyo alipoanza kulala na viatu miguuni, nilijua kuna jambo.

"Ardhi imepasuka nyuma ya jiko," akaniambia. "Mvua ikija itanibeba."

Mwaka huo wa 2004 kulikuwa na mradi wa kuchora ramani ya maporomoko yote, kutoka Kitale mpaka Bungoma. Kila ufa, kila mahali udongo uliwahi kushuka, uliingizwa kwenye kompyuta moja, ili ijulikane nani ahamishwe na wapi pasijengwe tena. Pa hatari panapakwa nyekundu, pa salama kijani. Na nani alikuwa akipima upande wa Kapsokwony? Bwanangu, Wekoye! Nikamshukuru Mungu, nikalala usingizi.

Kumbe nililala bure.

Mwezi wa tatu mama akaenda kwa chifu kuomba shamba kule tambarare, walikokuwa wakipewa watu wa nyekundu. Chifu akafungua ramani. Kwa mama, kijani. "Mama, wewe uko salama, rudi tu nyumbani." Salama! Mtu analala na viatu!

Nilimngoja Wekoye hapo kwetu Kitale. Hata chai sikumpa.

"Baba Kevin, ulipima kwa mama?"

"Nilipima."

"Uliingia?"

Akaangalia chini. "Si unajua siwezi. Yule ni mama mkwe."

Wacha niwaeleze wasiojua. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawaketi nyumba moja, hata njiani mmoja humpisha mwenzake. Ni heshima, sikatai. Basi Wekoye alifika na kimashine chake cha setilaiti, akasimama langoni. Mama kusikia ni mkwe, akajifungia jikoni kwa adabu. Huyu nje kwa adabu, yule ndani kwa adabu, na ufa uko pale katikati, wenyewe hauna adabu. Bwana mkubwa akapima kwa jirani wa juu, akapima kwa jirani wa chini, hakuona kitu. Akaandika hata kwa mama hakuna kitu, akaenda zake!

"Si ungetuma mwenzako?"

"Nilikuwa peke yangu. Na ningeandika sijapima, ofisini wangeniuliza kwa nini."

Jamani! Ati aibu ya kuulizwa ofisini, na mama yangu azikwe hai? Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wa kanisa. Asubuhi tukapanda Kapsokwony, mimi mbele, yeye nyuma na kimashine.

Langoni akasimama tena. Mama alikuwa uani. Alipomwona akajifunika uso kwa leso, akampa kisogo. Nikafungua mdomo niwatukane wote wawili, lakini mama akanitangulia. Alisema na mimi, kwa sauti ya kufika langoni.

"Fridah, mwambie mkwe wangu aingie. Apime jikoni. Akimaliza jikoni apime chumbani, kwa sababu ufa umefika chini ya kitanda changu."

Kitanda cha mama mkwe! Wekoye akavua kofia, akaingia. Akapiga magoti kando ya kitanda, mkono wake ukazama ndani ya ufa mpaka kwenye kiwiko. Alipotoka alikuwa akilia.

Kwa mama pakawa pekundu, akahamia tambarare. Mvua ya mwezi wa tano ikachukua jiko, chumba na kitanda.

Wakubwa wa mradi wakaja na magari kupiga picha pale udongo uliposhuka. Wakasema ramani yao imeokoa maisha. Ramani! Nikawauliza, kwenye hiyo kompyuta yenu, mko na kijani ngapi ambazo mtu alisimama tu langoni?