Petroli Mbili za Kengeja

Nilikwenda Pemba kwa sababu ya barua ya dada yangu Zuhura. Baada ya salamu ilikuwa na mistari michache tu: "Mwezi ujao najifungua. Mkunga kasema safari hii nizalie hospitali ya Chake. Gari ya shemegi yako bado yagonga, na hapana ajuaye yataka petroli ipi. Weye wafanya kazi mambo ya magari, njoo utwambie. Mie gari ile siipandi mpaka nijue."

Niseme kweli tangu mwanzo. Sifanyi kazi mambo ya magari. Mimi ni karani wa kaunta katika duka la spea Mjini Unguja, naandika risiti na kufuta vumbi kwenye masanduku ya plagi. Lakini kule Kengeja nilikuwa fundi kwa miaka, na kosa ni langu, maana kila nilipokwenda likizo wakaniita hivyo, sikukanusha.

Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mwaka uliotangulia, wakati wa masika, Zuhura alishikwa na uchungu mchana na mkunga akaona mtoto amekaa vibaya. Mumewe, Hamadi, akampakia, pamoja na wanawake tele wa kumshika, kwenye pikapu aliyokuwa ameinunua kwa mtu wa Tanga. Walipofika mlima wa Kwa Mize injini ikaanza kugonga, rejeta ikachemka, na gari ikafa katikati ya mlima. Watu wakamchukua kwa kitanda hadi ilipopatikana gari nyingine. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuondoka Mjini, nilijaribu kujifunza ufundi wote kwa siku moja. Kitabu cha dukani kwetu kilisema wazi kwamba pikapu ya aina ile hutumia petroli ya kawaida, okteni themanini na tatu. Nikafurahi, nikakifunga. Tajiri yangu akasema kitabu hicho ni cha gari mpya, gari kuukuu inataka super, ile yenye namba kubwa. Fundi jirani akasema super itaunguza vali za gari kuukuu. Mteja aliyekuwa akingoja plagi zake akasema zote mbili ni petroli moja, tofauti ni rangi tu. Nikamvuta yule fundi pembeni nikamuuliza hasa hiyo okteni ni kitu gani, kwa kuwa mimi nilikuwa nikidhani ni nguvu.

"Si nguvu, ni ustahamilivu," alisema. "Petroli inakandamizwa ndani ya injini. Yenye namba ndogo ikikandamizwa sana huripuka kabla ya wakati wake, ndipo unaposikia ile ko-ko-ko. Yenye namba kubwa husubiri zamu yake."

"Sasa ya shemegi inataka ipi?"

"Ile ya namba ndogo kuliko zote ambayo haigongi. Zaidi ya hapo unatupa mali."

"Nitaijuaje?"

"Pakia mzigo, panda mlima, sikiliza."

Alisema hivyo kama mtu anayemwelekeza mgeni msikiti ulipo. Nikapanda meli na majibu manne kichwani, na hakuna lililopatana na mwenziwe.

Bandarini Mkoani tulishuka asubuhi ya pili. Nilipata nafasi katika gari ya abiria ya dereva mmoja aitwaye Khamis, mtu mnene mwenye kofia iliyofifia, mcheshi kupita kiasi. Penye mlima wa mwanzo sote tulishuka kama desturi, nami nikatembea sambamba na dirisha lake nikimuuliza habari za petroli.

"Changanya, yakhe," alisema. "Debe la hini, debe la hini. Mtu hali wali mtupu."

"Wewe unachanganya?"

"Mie natia ya kawaida. Super yauzwa duka la wale, na mie duka la wale siingii ng'o."

Zile zilikuwa siku ambazo hata duka la chumvi lilikuwa na chama chake cha siasa, watu wa upande huu hawanunui kwa upande ule. Sikuwahi kufikiri kwamba na okteni nayo imejiandikisha. Gari ikafika juu, tukapanda tena, nikahesabu kwamba majibu yangu sasa yamekuwa matano.

Kengeja nilifika adhuhuri. Zuhura alitoka mlangoni taratibu, mkono kiunoni, akanitazama kwa matumaini yaliyonitia hofu kuliko bahari. Mama mkwe wake, Bi Time, akapiga kigelegele: "Fundi kaja! Karibu, mwanangu, karibu." Nikainamisha kichwa kwa haya, wao wakadhani ni unyenyekevu wa mtu anayejua.

Baada ya chakula Hamadi alinipeleka bandani. Kulikuwa na mapipa mawili, la petroli ya kawaida na la super, na hilo la super alilileta baada ya msiba. Hamadi ni mtu wa karafuu tangu utotoni, basi hata petroli aliipima kama karafuu. Alichovya kidole, akasugua, akanusa, akaniambia nami ninuse.

"Hini ni daraja la kwanza," alisema juu ya super. "Yanukia kavu. Hini nyengine ina unyevu."

Nilinusa zote mbili. Zilinukia petroli. Nikatikisa kichwa polepole kama tajiri yangu anapoangalia noti ya mashaka.

"Shemegi," nikasema, "niambie basi. Inagonga lini?"

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Hamadi alisema kwamba akichukua watu kwenda Mtambile kwa petroli ya kawaida, hata wakiwa kumi na wawili, gari hupanda mlima wa Kwa Mize kimya. Akichukua magunia ya muhogo kwa petroli hiyohiyo, gari hugonga mpaka hurudi nyuma.

"Magunia mangapi?"

"Manane. Hayapindukii uzito wa watu. Nimepima, wallahi."

"Na ukitia super?"

"Super natia nikichukua watu wa heshima. Haigongi. Muhogo nitautilia super ya nini?"

Bi Time, aliyekuwa akisikiliza nje ya banda, akaingia na hukumu yake. "Mie n'shawambia. Gari hini haipendi muhogo. Ina mambo yake." Alikuwa amekwisha kuning'iniza karatasi ya dua kwenye kioo cha mbele, na nakiri kwamba kufikia saa hiyo kauli yake ndiyo iliyokuwa na mantiki kuliko zote nilizozisikia tangu Mjini.

"Lakini siku ile Zuhura hakuwa muhogo," nikasema.

Hamadi akaanza kufunga vifuniko vya mapipa. Nikatamani nimeze ulimi.

Siku ya pili asubuhi tulifanya jaribio langu la kifundi. Tukakausha tangi kwa mpira, tukatia ya kawaida, na Hamadi akaita watu wanaokwenda Mtambile. Walipanda kumi na wawili, nami wa kumi na tatu, na niliandika namba hiyo katika daftari. Tulipofika chini ya mlima wa Kwa Mize, mzee mmoja mwenye kikapu cha ndizi akagonga bodi akasema, "Haya jamaa, tushukeni tumpunguzie mwenyewe," na kabla Hamadi hajabadilisha gia tulikuwa tuko chini. Nami nilishuka. Mgeni akikaa juu ya gari wenyeji wakitembea huitwaje? Tukapanda mlima kwa miguu tukizungumza habari za mvua, na gari ikatutangulia ikinguruma vizuri tu. Nilitega sikio kwa makini. Hapana ko-ko-ko. Juu tukapanda tena, nikaandika: *Ya kawaida, watu kumi na watatu, haigongi.*

Kurudi tulitia super tuliyoibeba debeni, tukapata watu tisa. Nikaandika vilevile.

Basi nikatoa fatwa. Tulipokuwa tumekaa barazani nikamwambia Hamadi kwamba kitabu kimesema kweli, ya kawaida inatosha, na super amtunzie mtu mwingine. Niliongeza na neno la ustahamilivu nililopewa na yule fundi, nikalisema kwa sauti nzito. Hamadi aliitikia kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Zuhura, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Weye ulikuwa wapi gari ikipanda?" akaniuliza.

"Wapi vipi? Mlimani."

"Juu ya gari?"

"Nilikuwa nyuma yake. Natembea na wenzangu."

"Wote mlikuwa mwatembea?"

"Wote. Tulishuka."

Akauweka ungo chini. "Mie sikushuka," alisema. "Siku ile mie sikuweza kushuka, na walionishika wakakaa nami."

Hakusema kwa hasira. Lakini Hamadi akawa kama mtu aliyepigwa kofi. Ameendesha gari mlima ule miaka, na kushuka kwa watu hakukuhesabu kamwe, kwa kuwa kushuka si jambo la kuhesabiwa. Ni adabu tu. Akiulizwa kabeba watu wangapi, anawataja waliopanda Kengeja. Magunia ya muhogo hayana adabu, yanakaa hapohapo mlima mzima.

"Subhanallah," akasema Bi Time. "Kumbe si muhogo."

Mimi nililifunga daftari langu nikalikalia. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilijionea haya mbele ya dada yangu, maana nilikuwa nusura nimrudishe mlima uleule kwa petroli ileile kwa sababu ya namba niliyoiandika nikiwa natembea kwa miguu.

Alasiri ileile tulipakia magunia manane. Kwanza kwa ya kawaida: gari ilifika robo ya mlima ikaanza kugonga kwa kishindo, na Hamadi, jasho linamtoka, akairudisha chini. Tukakausha tangi mpaka tone la mwisho, tukangoja injini ipoe, tukatia super. Mimi nikapanda juu ya magunia. Wapita njia walinionea ajabu, mtu mzima mwenye viatu amekaa juu ya muhogo mlimani, na mmoja akanipigia kelele nishuke nimwonee huruma mwenye gari. Sikushuka. Gari ilipanda polepole, ikinguruma, bila kugonga hata mara moja. Juu Hamadi akazima injini, akalaza kichwa kwenye usukani.

"Mwaka mzima naupa muhogo ya kawaida," alisema, "na mke wangu n'kampa ileile ya muhogo."

"Hukuwa nayo nyingine siku ile, shemegi."

"Sikuwa nayo," alisema, lakini hakunitazama.

Siku ya tisa Zuhura aliamka na maumivu, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Tulimtandikia godoro nyuma ya pikapu, akaegemea kifua cha Bi Time, mkunga upande huu na mimi upande huu. Majirani watatu nao walipanda, mmoja na kuku wa kumpelekea mwanawe Chake. Tangi lilijaa super. Mlima wa Kwa Mize ulipotokea mbele, Zuhura akafumba macho na midomo yake ikaanza kusoma. Majirani wakaruka chini bila kuambiwa. Mkunga akashuka. Na mimi, mtu niliyeandika, niliyejua, niliyekuja kutoka Unguja kwa jambo hili hili, nikajikuta nishavusha mguu mmoja nje ya bodi.

Mkono wa dada yangu ukanikamata shati.

"Kaa," alisema.

Nikakaa. Gari ikapanda nasi, na mimi nilisikiliza kwa mwili mzima. Hapana kitu. Mngurumo tu, na kuku wa jirani, aliyeachwa garini na mwenyewe, akilalamika. Zuhura hakulifungua jicho mpaka tulipoanza kuteremka upande wa pili, ndipo alipoliachia shati langu, na lilikuwa limechanika.

Mtoto alizaliwa Chake Chake kabla ya alasiri, wa kike. Tulipokuwa tukingoja waruhusiwe kutoka, mimi na Hamadi tulimpelekea gari fundi mmoja wa Gombani. Fundi akafungua, akatuonyesha kwamba mwenye gari wa mwanzo alikichonga kichwa cha injini ili aongeze nguvu, kwa hiyo sasa inakandamiza petroli kupita ilivyoandikwa kitabuni. Niliitikia kwa kichwa. Safari hii nilifahamu kidogo.

Siku ya kurudi nilikwenda Mkoani kwa gari ya Khamis yule yule. Zuhura alinisindikiza hadi mlangoni, mtoto begani, akaniambia nisiwaambie watu kwamba yeye ndiye aliyejua, wataniondolea ufundi. Nilimwahidi, na kama unavyoona ahadi sikuitimiza.

Penye mlima tukashuka, kama desturi. Khamis alinichungulia dirishani nikitembea. "Fundi! Uliiona ipi bora? Mie ya kawaida yangu haijawahi kunisumbua."

Nilitazama nyuma. Tulikuwa watu kumi na saba, wote tuko chini, vikapu vichwani, tunazungumza. Gari yake ilikuwa tupu na inapanda kama inakwenda harusini.

"Gari yako siijui, Khamis," nikamwambia. "Lakini siku ukimpakia mtu asiyeweza kushuka, jaribu mlima huu kwanza na sisi sote tuko juu."

Akacheka, akadhani namtania. Nikashika ubavu wa dirisha nikaenda naye hivyo mpaka juu, nikimweleza tena, tangu mwanzo, habari za muhogo.