Mizinga ya Kale na ya Kisasa

Barua niliiandika mimi mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu, ingawa kwa wiki mbili nzima nilimlaumu kila mtu, kuanzia naibu wa chifu hadi mke wangu.

Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja kabla. Nilifundisha fizikia zaidi ya miaka thelathini, karibu yote hapa Siakago, ingawa kwetu ni Kianjai, kule Meru, na watu wa hapa hawachoki kunikumbusha hivyo kila ninapopinga jambo mkutanoni. Wenzangu walipostaafu walirudi kwenye mashamba yao ya ndengu na ya muguka, yale majani ya kutafuna. Mimi nilirudi kwenye madaftari manne niliyokuwa nikiyajaza polepole tangu siku tulipowapeleka wanafunzi Mombasa kutembelea ile ngome ya zamani. Tulisimama mbele ya mizinga ya chuma, na aliyekuwa akituongoza akasema askari wa siku hizo walikuwa wakikisia tu tufe litaangukia wapi. Sikumwamini, lakini sikuwa na la kumjibu, na hilo lilinikera njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nikaanza kutafuta. Darasani mada hiyo ilikuwa na kurasa tatu: jiwe limerushwa kutoka juu ya mwamba, litafika umbali gani, toa jibu. Kumbe nyuma ya kurasa hizo tatu kulikuwa na watu waliokosea kwa karne nyingi, mmoja baada ya mwingine, kwa bidii kubwa. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu sikuwahi kuona kitabu cha Kiswahili kinachoeleza habari hiyo, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuona vijana wakikariri kanuni za Kiingereza kama mtu anayekariri namba ya simu.

Karani wa maktaba ya hapa, mama mpole aliyekuwa akinitunzia magazeti ya zamani, alinipa ukumbi wa kusomea kwa asubuhi moja ya Alhamisi. Alisema niandike barua kwa naibu wa chifu ili watu watangaziwe. Nikaandika kwamba mwalimu mstaafu atazungumza kuhusu historia ya mizinga, kutoka mizinga ya kale hadi ya kisasa, na kwamba wote wanakaribishwa.

Mke wangu aliisoma akiwa anapepeta ndengu uani. Yeye ni Mmbeere, na kwao kila mti mkubwa una mzinga wa nyuki juu yake. Aliniambia niongeze japo neno vita. Nilimwambia kwamba mtu yeyote aliyefika shule ataelewa, na kwamba redio husema kila mwaka kuwa mizinga imepigwa kwa heshima ya rais, na sijasikia mtu akidhani ni nyuki wanaopigwa. Aliendelea kupepeta.

Naibu wa chifu aliitangaza barua hiyo kwenye baraza, kisha akaipeleka kanisani, na huko ikasomwa baada ya matangazo ya harusi. Kwa nini hakunipigia simu kuuliza, sijui mpaka leo. Alhamisi hiyo nilifika saa tatu kasoro na karatasi zangu za manila chini ya kwapa, nikitarajia walimu wawili watatu na wanafunzi walio likizo. Nje ya maktaba kulikuwa na watu wapatao sabini. Wamama wa kikundi kimoja walikuwa wamevaa leso za aina moja. Mzee mmoja alikuja na bomba lake la kufukizia nyuki. Kwenye ngazi walikuwa wameweka mizinga miwili, mmoja wa gogo lililotobolewa na mwingine wa sanduku la mbao lenye fremu zilizovunjika. Walitaka niwaonyeshe jinsi ya kutengeneza huo wa kisasa, na wengi walidhani imeletwa mipya ya kugawiwa.

Karani alinitazama kwa huruma. Nilipanda ngazi nikasema kwamba kumekuwa na kosa dogo, mizinga niliyokusudia ni ile ya kivita. Nikaeleza vizuri, polepole, nikarudia. Wakanisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mtu mmoja aliyekuwa akitafuna muguka karibu na mlango akauliza, bila hasira yoyote, "Sawa mwalimu, na hiyo ya nyuki itakuja saa ngapi?"

Nikasema haitakuja. Hapo ndipo kukawa na manung'uniko. Mwingine akasema mambo ni yale yale, vitu vya wananchi vikifika mahali vinabadilika jina. Mwingine akasema Wameru ni wajanja. Nilikuwa nimetumia miezi mitatu kuchora zile karatasi, na sasa nilikuwa nikishukiwa wizi wa masanduku ambayo hayakuwahi kuwepo. Nilianza kuzikunja nirudi nyumbani.

Aliyenizuia alikuwa mwenyekiti wa kile kikundi cha wamama, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongoza mikutano. Aliwaambia wenzake kwa Kimbeere wakae, kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili kwamba wametoka mbali, wengine wameacha mifugo bila mtu, na kwamba kama nilikuwa na la kusema afadhali niliseme. Halafu akaongeza kwamba alikuwa mwanafunzi wangu. Sikumkumbuka. Nilimwambia namkumbuka.

Basi nikaanza, nikiwa na kisirani, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kutazama karatasi zangu nikashika ule mzinga wa gogo. Nikawaambia kwamba hata mizinga ya kwanza ya vita haikuwa mbali sana na huu: bomba, upande mmoja umezibwa, ndani baruti, mbele ya baruti tufe la jiwe. Wachina walikuwa na baruti kabla ya Wazungu, na Wazungu walipoipata wakatengeneza mabomba ya shaba na chuma, mengine yakipasuka na kuua waliosimama nyuma yake badala ya walio mbele. Hapo wakaanza kusikiliza. Mzee mwenye bomba la moshi akataka kujua yalipasukia upande gani. Nikamwambia upande wowote.

Nikawaeleza kwamba kwa muda mrefu wasomi waliamini tufe likitoka mzingani huenda moja kwa moja kama kamba iliyovutwa, kisha nguvu zikiliishia huanguka chini wima. Nilichora hivyo ukutani kwa kidole. Mtu wa muguka akasema huyo msomi hakuwahi kurushia nyani jiwe. Watu wakacheka, na mimi nikakasirika, kwa sababu nilikuwa nimepanga kufika kwenye hoja hiyo baada ya dakika ishirini na yeye alifika papo hapo.

Nikaendelea. Mwitaliano mmoja wa karne ya kumi na sita akasema ukitaka tufe lifike mbali kabisa inua mdomo wa mzinga nusu ya njia kati ya kulala chini na kusimama wima. Mwitaliano mwingine, baadaye, akaviringisha vigololi kwenye ubao ulioinama, akapima, akaonyesha kwamba kitu kilichorushwa hupinda njia nzima, tangu kinapotoka hadi kinapotua. Nikachukua ndimu kutoka kwa mama mmoja nikairusha hewani mara tatu ili waone. Nikasema hiyo ndiyo kanuni tuliyofundisha shuleni, na ni kanuni safi.

Mwenyekiti akainua mkono. "Mwalimu, na hewa?"

Nikauliza hewa gani.

Akasema hewa tunayopumua. Akasimama. Akasema akiwa kidato cha tatu niliandika ubaoni swali la jiwe na mwamba, na chini yake nikaandika kwamba hewa ipuuzwe. Yeye aliuliza inapuuzwaje wakati jani likianguka hewa inalibeba hadi kwa jirani. Nilimwambia akae chini, hilo haliji kwenye mtihani. Alisimulia hivyo bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Hata hakusema kwamba ndiyo sababu aliacha fizikia. Alisema aliiacha kwa sababu alipenda kilimo.

Nilisimama na ile ndimu mkononi. Ninavyojijua, hayo ni maneno yangu hasa. Nimeyasema mara nyingi mno kiasi kwamba sikuhitaji kumkumbuka yeye ili niamini. Kilichonichoma zaidi ni kwamba jibu la swali lake lilikuwa ndani ya mkoba wangu, karatasi ya tano, na nilikuwa nimelipata mwenyewe kwa shida miaka mingi baada ya kumnyamazisha.

Nikawaambia. Katika karne ya kumi na nane Mwingereza mmoja alining'iniza kipande kizito cha ubao, akakipiga risasi, akapima ubao ulivyorudi nyuma, na hivyo akajua kasi ya risasi ilipogonga. Kisha akasogea mbali akapiga tena, akasogea tena. Akakuta kwamba hewa, ile ambayo wakubwa walisema ni ya kupuuzwa, huivuta risasi nyuma kwa nguvu ambayo hakuna aliyeitegemea. Ile kanuni safi ilikuwa inadanganya. Ilibidi watu waanze upya, wahesabu upya, watengeneze risasi ndefu zenye ncha, wachonge mifereji ndani ya mtutu ili risasi izunguke kama pia ya mtoto na isiyumbe. Baadaye majeshi yaliajiri vyumba vizima vya watu, wengi wao wanawake, wakae wakipiga hesabu ya hewa usiku na mchana. Baadhi ya kompyuta za mwanzo zilitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo.

"Kwa hiyo," akasema mwenyekiti, "swali langu lilikuwa swali."

Nikamwambia lilikuwa swali kubwa kuliko yote niliyoulizwa darasani. Nilimwomba msamaha mbele ya watu sabini, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumfanyia mwanafunzi, na yeye akasema asante mwalimu, endelea, jua linapanda.

Sehemu ya mwisho, ya makombora yanayoongozwa, ndiyo iliyokuwa imenitesa zaidi nilipokuwa nikiandika. Nilitaka kueleza tofauti kati ya tufe, ambalo likishatoka halirekebishiki, na kombora linalojiangalia njiani na kujirudisha kwenye mstari. Nilikuwa nimejaribu mfano wa baiskeli na mfano wa mbwa anayefukuza gari, na yote miwili niliifuta. Nilipokuwa nikihangaika hapo, mzee wa bomba la moshi alimwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika kwamba huyu anaongea juu ya nyuki: upepo ukimsukuma anapinda, anarudi, anaingia kwenye mlango wake. Jiwe halina habari. Wote wakaitikia kwamba wameelewa, tena haraka, na nikabaki na karatasi mbili ambazo hakuna aliyezihitaji. Mama mmoja akauliza kama hilo kombora nalo hujua nani yuko ndani ya nyumba linayoiendea. Nikasema halijui, linajua mahali tu.

Ningeridhika kama mambo yangeishia hapo. Lakini naibu wa chifu alifika saa sita, amechelewa, hajui lolote lililotokea, akapanda ngazi akanishukuru kwa niaba ya serikali kwa kuwaletea wananchi mradi wa mizinga ya kisasa. Watu wakapiga makofi. Nilijaribu kusema. Akaninyamazisha kwa mkono na kusema unyenyekevu wangu unajulikana.

Tangu siku hiyo sikuweza kununua nyanya sokoni bila kuulizwa mizinga imefika wapi. Nilienda Embu kwenye ofisi ya mifugo mara nne. Mara ya kwanza anayehusika alikuwa kwenye semina. Mara ya pili nilitakiwa kuleta barua ya kikundi, mara ya tatu barua hiyo ilikosa muhuri, na mara ya nne kijana wa mapokezi aliniuliza mimi ni nani katika kikundi hicho, nikajisikia nikisema ni katibu. Nilirudi nyumbani nikiwa katibu. Mke wangu alisema hongera, na hakucheka mpaka nilipoingia chumbani. Baada ya miezi mitano ilikuja mizinga minane. Minane, kwa watu sabini. Wapo wanaoamini mingine iko Kianjai kwa ndugu zangu.

Mwenyekiti aliazima daftari langu la tatu siku tulipokuwa tukigawa ile minane. Alikaa nalo wiki tatu. Alilirudisha Jumapili moja baada ya ibada, akakaa jikoni kwetu, akafungua ukurasa niliochora njia ya tufe penye hewa, akaweka kidole juu yake. Aliuliza kama hewa inalivuta tufe nyuma njia nzima, mbona nimechora kushuka sawasawa na kupanda. Je, si linachoka, na likichoka si litaanguka wima zaidi?

Nilimwambia mchoro uko sawa. Nilimweleza kwa nini uko sawa kwa karibu nusu saa, sauti yangu ikipanda, hadi mke wangu akaondoa chai mezani isije ikamwagika. Kisha nikautazama tena. Mkono wangu ulikuwa umechora ule upinde wa ubaoni, ule ule wa miaka thelathini, chini ya maneno yaliyosema kitu kingine kabisa.

Nilichana ukurasa. Nilimwomba anisogezee kalamu, naye akasogeza na kiti chake karibu ili aone ninachora nini.