Gasketi Nene au Nyembamba, na Jumapili Pasta Anakuja Kuombea Gari

Admin, nisamehe kwa kukawia kuandika. Nimeianza hii mara nyingi, mtoto analia, nafuta. Ficha jina langu tafadhali, shemeji yangu anafuata hii page.

Nina miaka ishirini na sita, naishi Kangemi na mume wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu. Miguu ya mtoto haina nguvu, kwa hivyo kila wiki nampeleka mazoezi hospitalini Parklands kwa gari ya marehemu baba yangu. Ndugu zangu waliniachia hiyo gari kwa ajili ya huyu mtoto. Ni kuukuu lakini ilikuwa haijawahi kutuacha njiani.

Halafu ikachemka. Mume wangu akaipeleka kwa kaka yake, ambaye ni fundi Dagoretti. Nilipoenda kuangalia, nikapata injini imefunguliwa na kando yake kuna turbo ya gari nyingine. Nikauliza hiyo ni ya nani.

"Ni ya hii yako, mama. Tunaipea nguvu," shemeji akasema. "Utafika Parklands daktari bado anakunywa chai nyumbani."

Wakacheka. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, sikucheka.

Kwa vile nafanya usafi kwa ofisi mjini, walinituma gasketi ya hedi, ile sahani inayokaa kati ya bloku na hedi, yaani kifuniko cha injini. Mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road akaniuliza hedi imesagwa mara ngapi kunyooshwa, na pistoni ikifika juu inabaki umbali gani na uso wa bloku. Nikampigia shemeji.

"Kusagwa? Labda mara mbili. Mwambie akupee nyembamba, ndio inashika turbo. Nene itapasuka."

Mume wangu akamnyang'anya simu. "Wacha huyo. Leta nene. Hedi ikisagwa nafasi inapungua, tukiweka nyembamba na turbo tutayeyusha pistoni."

Wakabishana mimi nikiwa kwa kaunta, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Mwenye duka akasema, "Mama, rudi wapime kwanza. Siwezi kukuuzia ya kubahatisha."

Nikarudi mikono mitupu, nikawauliza kama wamepima. Hawakuwa wamepima. Mwishowe shemeji akasema wataweka nyembamba mbili, moja juu ya nyingine, ndio kila mtu aridhike. Yaani gasketi ndiyo imefanywa ya kupatanisha ndugu.

"Na zikivuja?" nikauliza.

"Wewe ulianza ufundi lini?" mume wangu akasema. "Mamangu ameshaita pasta Jumapili aombee gari. Tukitoka hapo tunashuka mteremko wa Mai Mahiu kuijaribu, sisi wote."

"Basi aiombee ikiwa imefunguliwa."

Hakucheka. Akaniambia polepole kwamba tangu aachishwe kazi, hiyo injini ndiyo kitu cha kwanza watu wamemsifu. Hilo liliniuma, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiye humkanda mtoto miguu kila jioni. Mume wangu si mtu mbaya. Lakini kwa ule mteremko, mtoto akiwa kiti cha nyuma, siwezi kutegemea mapatano ya ndugu wawili.

Kwa hivyo nikachukua boliti za hedi, ambazo bila hizo injini haifungiki, nikazifunga kwa leso. Nikawaambia injini ikipimwa nitazirudisha. Sasa mama mkwe haniongeleshi, na mume wangu anakula akiangalia ukuta.

Msiniambie nimuache, wala nivumilie. Hivi ndivyo nahitaji mnitumie kabla ya Jumapili. Njia ya kupima pistoni na bloku kwa vifaa vya gereji ndogo. Unene wa gasketi moja, ya chuma, unaofaa hedi iliyosagwa na turbo ndogo, na jinsi ya kujua kama imesagwa kupita kiasi. Kama hakuna gasketi inayofaa, mseme wazi turbo itoke. Na fundi mmoja, mwanaume mtu mzima, akubali kumpigia mume wangu. Admin atampa namba. Nikimwambia mimi, anasikia tu kwamba simwamini.