Perpetua, Yeremia Wetu wa Michenga

Enzi zetu pale Michenga, Kwaresima ilinukia matope na kambale wa kubanikwa. Mpunga ulikuwa unatoa masuke, kwa hiyo familia nzima ilihamia shambani, na sisi watoto tulishinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, tukiamia ndege kwa makombeo na madebe. Mpunga wa mwanzo ukikaribia kukomaa, mama alitukaangia na kututwangia pepeta, tukala mpaka matumbo yakauma. Wajukuu wangu ukiwapa pepeta leo wanauliza chipsi ziko wapi.

Baba alikuwa katekista wa kigango. Jioni, chakula kikiwa bado jikoni, alitusomea manabii. Tulimpenda Yeremia kuliko wote, si kwa utakatifu wake, bali kwa sababu alitumbukizwa kwenye shimo la matope, na matope sisi tulikuwa nayo tele. Tukatunga mchezo. Yeremia anasimama kwenye jaruba la mpunga lenye maji na kupaza sauti, "Tubuni, Yerusalemu utaanguka!" Sisi wakuu wa mji tunamcheka, tunamkamata, tunamzamisha mpaka kiunoni. Yeremia siku zote alikuwa mdogo wangu Perpetua, maana ndiye aliyekuwa na sauti kali na hakujua kukimbia. Mama akiliona gauni la Perpetua limejaa matope alituchapa wote, nabii na wakuu wake. Baba alicheka, kisha akasema, "Mungu hakurupuki kuadhibu. Huonya kwanza. Walimcheka Yeremia, na mji ukaanguka vilevile kama alivyosema." Hapo sisi tulikuwa tumeshaacha kusikiliza.

Tukakua. Baba alitangulia, kisha mama, ambaye tulimzika shambani karibu na mto kama alivyoomba. Shamba likabaki mikononi mwangu. Bei ya mpunga ilipopanda, nikaona ule ukingo wa mto umelala bure. Nikakata mikuyu, nikafyeka matete, nikaingiza pawatila ya kulimia mpaka ukingoni kabisa. Perpetua akaja kutoka Mlabani, alikoolewa.

"Shikamoo kaka. Hiyo mikuyu ndiyo inayoshika udongo. Ukiimaliza, mto utamchukua mama."

"Marahaba. Yeremia umeanza tena," nikamjibu, na vibarua wakacheka.

Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alilia mbele ya watu. Mimi nikaendelea kuchoma visiki.

Masika ya pili mto ukaja. Sisemi kwamba Mungu alinipiga. Maji yalipita palipokuwa wazi, na aliyepafungua ni mimi. Yalimega ukingo, yakala majaruba, yakaondoka na kaburi la mama. Nilitembea siku mbili kando ya mto nikitafuta hata kipande cha saruji ya kaburi, sikupata. Perpetua alipofika hakusema "nilikuambia." Alivua viatu, akakaa chini, akayatazama maji. Afadhali angenitukana.

Siku hizi vijana wangu wanaisoma mvua ya kesho kwenye simu, na wananicheka nikitazama mawingu. Mimi bado nampigia Perpetua. Juzi nilimuuliza nifanye nini na kile kipande cha shamba kilichobaki. Akanijibu kwa upole, "Fanya unavyoona wewe, kaka." Utotoni tulionywa mpaka tukachoka. Leo natamani sana kuonywa, na aliyekuwa akinionya amenyamaza.