Kupeleka Majua Mawili Rumangabo

Niliondoka Mabanga, mtaa wetu hapa Goma, nikiwa na hasira. Nilikuwa nimefundisha fizikia chini ya mahema ya kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, na nikawaahidi watoto kwamba kiangazi kikifika nitawaonyesha jirani wa karibu kabisa wa Jua letu: nyota inayoonekana moja kwa macho, kumbe ni majua mawili yanayozungukana. Kabla ya kiangazi, kambi ikavunjwa. Watu waliambiwa warudi kwao, kana kwamba huko kwao bado kulikuwa na milango. Familia kadhaa zilielekea upande wa Rumangabo. Nikaamua ahadi yangu iwafuate.

Asubuhi nilifunga darubini ya shule ndani ya kitenge, miguu yake mitatu nikaifunga kando, nikapanda pikipiki ya kukodi, nyuma ya dereva. Barabara ilipita kati ya mawe meusi ya volkano, kisha mashamba ya viazi, na baridi ikaanza kung'ata vidole.

Njiani tukafika kwenye kizuizi cha barabarani. Mwanaume mwenye bunduki alifungua kitenge changu.

"Hii ni nini?"

"Darubini, papa. Ya kuangalia nyota."

"Unapeleleza nani?"

"Nyota."

"Nyota za nani?"

Nilidhani anatania. Akasema miguu ile ni ya kusimamishia silaha, akaitupa nyuma ya kibanda chao.

"Ni vitu vya shule!" nikamwambia. "Vya batoto!"

"Mama, shukuru nimekuachia hilo bomba."

Dereva alinivuta mkono. "Mwalimu, twende." Tukaenda. Nilikuwa nimekaza meno hadi taya ikauma.

Alasiri tulifika kijijini. Mama Kahambu, ambaye nilifundisha watoto wake wawili kule kambini, alinipokea mbele ya nyumba yake, kuta nne zisizo na paa. Tulikula viazi na sombe, mboga ya majani ya muhogo, huku nikimsimulia mambo ya kizuizini. Hakushangaa hata kidogo.

"Walichukua mabati, wakachukua mbuzi. Sasa wamechukua miguu ya darubini. Karibu kwetu, mwalimu."

Giza lilipoingia, watoto na wazazi walikusanyika. Nyota yetu ilikuwa kusini, juu kidogo ya mwanga mwekundu wa volkano ya Nyiragongo. Nilishika darubini mikononi, lakini nyota ilirukaruka kama nzi. Nilitaka kulia kwa ghadhabu. Mama Kahambu akapiga ukuta wake kwa kiganja.

"Huu hauna bati la kubeba. Basi ubebe hiyo darubini."

Tuliilaza darubini pale ukuta ulipobomoka, tukaikaza kwa mawe. Ikatulia. Watoto wakapokezana.

"Ziko mbili! Mwalimu, ziko mbili kweli!"

Nikawaeleza kwamba nyota ya tatu, ndogo, ambayo darubini yetu haiwezi kuionyesha, inafuatana na hizo mbili, na ina sayari inayoizunguka. Furaha ikanizidi, nikaongeza: "Nani ajuaye, siku moja watu watahamia kule."

Mama Kahambu alikuwa ameinamia darubini. Akainua kichwa.

"Mwalimu, usiseme vile mbele ya batoto yangu."

"Nimesema nini, mama?"

"Kuhama. Tumehama huku, tumehama Kanyaruchinya, tumehama tena. Kila mutu mwenye kutaka udongo wetu anatuonyesha pa kwenda. Na wewe pia? Waonyeshe nyota. Usiwaonyeshe njia."

Nilikuwa nimebeba hasira yangu kutoka Goma nikiiona kubwa, na mbele ya ile yake ilikuwa hasira ya mgeni.

Kesho yake, tukirudi, yule mwanaume hakuwepo kizuizini. Mwenzake alisema hajui habari za miguu yoyote. Nyuma yake niliuona mguu mmoja umeshikilia turubai la kibanda chao.

"Ule pale!"

"Ule ni mti tu, mama."

"Ni chuma! Mti gani una skurubu?"

Nilipaza sauti mpaka watu wa foleni wakageuka. Akaweka mkono juu ya bunduki. Dereva akawasha pikipiki. Mguu ule uko kule hadi leo, na mimi sijapoa.

Nilipoingia darasani hapa Goma, niliwasimulia wanafunzi juu ya majua yale na sayari ile. Msichana mmoja aliinua mkono.

"Mwalimu, tunaweza kwenda kuishi kule?"

Zamani ningemtajia umbali na joto.

"Tutaichunguza," nikamjibu. "Kuishi, tutaishi hapa."